Vyombo vya Vita Vilivyofufuliwa

Katika somo hili twataka kuwaeleza wasomaji habari za watu ambao hutoa miaka mingi ya maisha yao, pasipo mshahara, ili kuitengeneza eropleni kuukuu ya kutupa mabomu hata iweze kuruka tena. Wako watakaosikia haya na kuuliza, "Kwani isiachwe ikafa? Je, haijaua vya kutosha?" Swali hilo si la kijinga, nasi hatutalikwepa. Lakini kwanza na tuijue kazi yenyewe.

Huko Marekani, katika jimbo la Kansas, uko mji uitwao Wichita, ambao wakati wa vita vya pili vya dunia ulikuwa na kiwanda kikubwa cha eropleni. Hapo ziliundwa eropleni za B-29 zaidi ya 1,600. Ni eropleni kubwa: kutoka ncha ya bawa moja hata ncha ya bawa la pili ni futi 141, nayo ina injini nne, kila injini ina silinda 18. Moja katika hizo ilitoka kiwandani mwezi wa Machi mwaka 1945, vita vikikaribia kwisha, nayo haikupata kwenda kupigana. Baadaye ilitumika kusaidia kupima mitambo ya rada, pamoja na wenzake waliopewa majina ya wale mbilikimo saba wa hadithi ya watoto wa Kizungu. Yenyewe ikaitwa Doc, yaani Daktari. Hata mwaka 1956 ikapelekwa jangwani China Lake, huko California, iwekwe iwe shabaha ya kupigwa mabomu. Ikasahauliwa huko muda wa miaka 42.

Mwaka 1987 mtu mmoja aitwaye Tony Mazzolini aliiona pale jangwani, akatamani kuiokoa. Maombi na barua na makaratasi ya serikali vilimchukua zaidi ya miaka kumi kabla ya kukubaliwa kuitoa. Mwaka 2000 ilirudishwa Wichita vipande vipande juu ya magari, mabawa mbali na kiwiliwili mbali. Hapo ndipo watu wakaanza kuja. Walikuja mafundi waliostaafu, na miongoni mwao wazee kwa wanawake waliofanya kazi katika kiwanda kile kile wakati wa vita, hali wangali vijana. Walikuja na wengine ambao hawakuwahi kushika nyundo. Hawakuandikiwa ujira. Saa walizozitoa zahesabiwa kwa malaki.

Msomaji asidhani ya kuwa kazi hii ni kupaka rangi na kutia mafuta. Eropleni ya namna hii imefunikwa kwa mabati membamba ya aluminiamu, na mabati hayo yameshikwa kwa ribiti ndogo ndogo zisizo na idadi. Palipo na ulikaji huonekana unga mweupe, ndiyo kutu ya aluminiamu. Basi fundi hutoboa ribiti moja moja azitoe, akalibandua bati bovu, akalitandaza juu ya bati jipya kuwa kipimo chake, akakata, akakunja, akatoboa matundu mahali pale pale yalipokuwa, ndipo akapiga ribiti mpya. Watu wawili huhitajiwa: mmoja apiga kwa nje, mwenzake ashikilia chuma kwa ndani. Akikosea mmoja, kazi yao wote wawili yaharibika. Siku nzima yaweza kupita wasimalize eneo la ukubwa wa mkeka wa kulalia. Tena mipira yote ya kupitisha mafuta hutupwa, kwa kuwa mpira hufa hata usipotumika. Nyaya za umeme nazo zote huwekwa mpya. Na injini hufunguliwa hata msumari wa mwisho. Hata mambo haya yote yakiisha, eropleni hairuki mpaka wakaguzi wa serikali wameitazama na kutia sahihi.

Jangwa lilisaidia. Sisi tukaao pwani twajua kazi ya hewa ya chumvi: bati la paa hapa Tanga halidumu kama bati la Lushoto, ijapokuwa yamenunuliwa duka moja na siku moja. Lau eropleni ile ingaliachwa miaka 42 karibu na bahari, pengine wasingalikuta kitu cha kutengeneza.

Tarehe 17 Julai mwaka 2016 Doc iliruka. Haikukaa hewani ila dakika chache, kwa maana taa ya kuonya juu ya injini iliwaka, na rubani akarudi chini kwa hekima. Lakini iliruka, miaka 60 tangu ilipotupwa jangwani. Katika eropleni zote za B-29 zilizopata kuundwa, ni mbili tu zilizorudishwa zikaruka katika siku zetu, hiyo na nyingine iitwayo FIFI.

Sasa na tulirudie lile swali. Eropleni za aina hii ndizo zilizotupa mabomu ya atomiki juu ya Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, na juu ya Nagasaki siku tatu baadaye. Wala jambo hili halikuwa mbali nasi kama wengi wanavyodhani. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kazi ile ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga ya Kongo, nchi ambayo watu wake wengi husema Kiswahili. Waafrika walioyachimba mawe yale na kuyapakia hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini. Mtu akiisha kujua hayo, aweza kuitazama Doc ikipita mbinguni, waya na mabati yang'aayo, na furaha yake ikawa na kitu kizito ndani yake. Nasi twaona ni vizuri iwe hivyo.

Wenye kuitengeneza husema ya kuwa chombo kikikaa bandani huonwa na wachache, bali kikiruka huwafanya watoto waulize maswali. Twakubali kwamba neno hili lina kweli. Lakini kuruka kuna gharama isiyolipwa kwa fedha. Tarehe 2 Oktoba 2019 eropleni ya B-17 iliyochukua abiria ilianguka katika jimbo la Connecticut, wakafa watu saba. Tarehe 12 Novemba 2022 eropleni mbili za vita vile ziligongana hewani mbele ya watazamaji mjini Dallas, wakafa sita. Vyombo hivyo vilikuwa vimeokoka vita vyenyewe na miaka mingi baada yake. Huko Uingereza nako, watu wa kujitolea pale Duxford walifanya kazi miaka kama kumi na miwili juu ya eropleni ya Blenheim, ambayo ndugu zake walipigana na Waitalia katika nchi za Afrika ya Mashariki. Ikaruka mwaka 1987, na kabla hata mwezi mmoja haujatimia ikaanguka ikavunjika kabisa. Kwa rehema hakufa mtu. Wakatafuta nyingine wakaanza upya, nayo ikaruka mwaka 1993. Sisi twaushangaa moyo wao, lakini hatuthubutu kusema ya kuwa uhai wa rubani mmoja ni bei ya haki kwa maonyesho. Msomaji ataamua mwenyewe.

Tena, yafaa kuuliza: chombo cha vita kikitengenezwa, hutengenezwa kwa kazi gani? Hapa Tanga tuna mfano mmoja, nao si mzuri. Waingereza walipokuja na majeshi ya Kihindi kati ya tarehe 2 na 5 Novemba 1914, wakashuka upande wa Ras Kasone na kushindwa, waliondoka upesi wakaacha nyuma bunduki kwa mamia, na bombom, na risasi zaidi ya nusu milioni. Wazee wetu hupenda kusimulia habari ya nyuki waliowauma askari siku ile, na habari hiyo ni ya kweli. Lakini ni wachache wakumbukao zile silaha. Von Lettow-Vorbeck aliziokota zote, mafundi wakazisafisha, wakazigawa kwa askari. Zikatumika kuua watu tena miezi mingi, na nyingine pengine miaka.

Mfano wa pili uko mbali na pwani yetu, lakini ni wetu. Mwalimu atakayewasomea watu habari hizi na atundike ramani, awaonyeshe reli ya kati itokayo Dar es Salaam hata Kigoma, kisha mto Malagarasi unapoingia ziwa Tanganyika.

Mwaka 1913 Wajerumani waliunda meli katika mji wa Papenburg, yenye urefu wa mita 71 na upana wa mita 10. Walipokwisha kuiunda waliifungua, wakaitia katika masanduku yapata 5,000, wakaisafirisha kwa bahari hata Dar es Salaam na kwa reli hata Kigoma. Mafundi watatu walifuatana nayo, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Huko Kigoma ikaundwa upya, kwa mikono ya Waafrika na Wahindi wengi ambao majina yao hakuna aliyejali kuyaandika. Nasi twasikitika kwa hayo, kwa maana walifanya kazi ile ile ya ribiti ambayo huko Wichita watu hupigwa picha wakiifanya. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915, ikaitwa Graf von Götzen. Vita vilikuwa vimekwisha kuanza, basi ikatiwa mzinga uliotolewa katika manowari Königsberg, ile iliyokufa katika delta ya Rufiji. Mwezi wa Juni 1916 Wabelgiji walileta eropleni za kutua majini, wakautupia mji wa Kigoma mabomu. Wakati huo mzinga mkubwa wa meli ulikuwa umekwisha kuondolewa ukapelekwa Tabora, na mahali pake pamewekwa mzinga wa mti ili kuwadanganya adui.

Mwezi uliofuata Wajerumani walipaswa kuukimbia mji, na amri ikatoka meli izamishwe isije ikaangukia mikononi mwa adui. Hapo mafundi wale walifanya jambo la kukumbukwa. Hawakuilipua. Waliipaka mitambo yote grisi nzito, wakaipakia mchanga, na tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha polepole karibu na mdomo wa Malagarasi, kama mtu afichaye mbegu ya mwaka ujao. Walitii amri, na wakati huo huo waliihifadhi kazi yao.

Wabelgiji waliiopoa baada ya vita, lakini dhoruba ya mwaka 1920 ikaizamisha tena. Kisha Waingereza wakaishughulikia, na tarehe 16 Machi 1924 ikaelea. Walipofungua chumba cha mitambo walikuta injini na mabirika ya mvuke vingali vyafaa kwa kazi, baada ya miaka karibu minane. Grisi ilifanya sehemu yake, na maji matamu ya ziwa yalifanya yake. Katika bahari ya Tanga mambo yasingalikuwa hivyo. Tarehe 16 Mei 1927 ilianza kazi tena kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa lile ambalo Livingstone alilisikia kwa watu wa upande wa kusini. Mzinga haukurudishwa.

Tangu hapo imetengenezwa mara nyingi. Katika miaka ya 1970 mitambo ya mvuke iliondolewa ikatiwa ya dizeli, na mwaka 1993 ilitengenezwa tena kwa msaada wa watu wa Denmark. Hakuna aliyeitengeneza ili kukumbuka vita. Ilitengenezwa kwa sababu watu wa mwambao wa ziwa, toka Kigoma hata Mpulungu katika Zambia, walikuwa na dagaa na mahindi na wagonjwa wa kusafirisha, na vijiji vingi havina gati, hata mitumbwi hulazimika kwenda kuipokea mizigo katikati ya maji.

Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, Liemba iliwarudisha kwao Kongo wakimbizi wapatao 75,000. Na mwezi wa Mei 2015, Warundi kwa maelfu walipokimbia machafuko ya nchi yao wakajaa Kagunga, kijiji kilicho kati ya mlima na ziwa, pasipo njia ya gari wala maji safi, na kipindupindu kikaanza kuwaua, ilitumwa tena. Haikuweza kufika ufukoni. Ilisimama mbali kidogo, na mitumbwi ikawaleta wanawake na watoto hata ubavuni mwake. Ilichukua watu kama 600 kwa safari moja, ikawashusha Kigoma, ikageuka kwenda kuwachukua wengine.