Priprosesa ya C: mbona naingiza hiki, kinatoka kile?

Nimeandika `int linux = 5;` na kompaila imegoma. Kosa liko wapi?

Mstari wako ni sahihi, ila kompaila haikuuona. Iliyopewa ni `int 1 = 5;`. Kabla kompaila haijaanza kazi, priprosesa huipitia faili nzima na kubadilisha kila jina lililotangazwa kuwa makro. Kwenye Linux, GCC hutangaza yenyewe makro `linux` na `unix`, zote zikiwa na thamani 1. Ni mabaki ya zama za kabla ya kiwango cha C cha mwaka 1989. Ukiongeza `-std=c11`, majina hayo mawili huondoka na kubaki `__linux__` na `__unix__`.

Naweza kupitisha faili ya kawaida ya maandishi kwenye priprosesa?

Wengi hufanya hivyo, kisha hushangaa. Njia `/usr/src/linux/include` hutoka ikiwa `/usr/src/1/include`. Anwani ya tovuti nayo hukatwa palepale penye mikwaju miwili, kwa kuwa priprosesa huiona kuwa ni mwanzo wa maoni. Mimi nakushauri utumie m4, ambayo Brian Kernighan na Dennis Ritchie waliitengeneza mwaka 1977 kwa kazi ya makro kwa ujumla.

Makro yangu `#define MRABA(x) x*x` inanipa 11 nikiweka 2+3. Kwa nini si 25?

Hapa ndipo wanafunzi wengi hunaswa, na ningependa kila mwalimu wa C alikazie hilo. Priprosesa haipigi hesabu ya 2+3 kwanza. Hupachika maneno yako kama yalivyo: `2+3*2+3`. Kuzidisha hutangulia, yaani 2+6+3, ndiyo 11 hiyo. Andika `((x)*(x))`, mabano ya ndani na ya nje pia.

Hata hivyo mabano hayatibu kila kitu. `MRABA(i++)` hugeuka `((i++)*(i++))`. Hapo `i` inaongezwa mara mbili ndani ya usemi mmoja, na kiwango cha C hakiahidi jibu lolote. Kompaila moja inaweza kutoa hili na nyingine lile, zote zikiwa na haki. Kwa sababu hiyo, naiona fankisheni ya `static inline`, iliyoingia katika C99, kuwa bora kuliko makro ya hesabu karibu kila mara.

Mistari kama `# 1 "mfano.c"` inatoka wapi?

Ni alama za kuieleza kompaila kila mstari umetoka faili gani, ili ujumbe wa kosa utaje mahali sahihi. Usipozihitaji, ongeza `-P`.

Nianzie wapi nikikwama?

Endesha `gcc -E mfano.c` usome mwisho wa matokeo. Mwanzo wake hujaa yaliyomo ya `stdio.h`. Kama jina fulani limebadilika bila wewe kulitangaza, `gcc -dM -E mfano.c` itakuorodheshea makro zote zilizopo. Fanya hivyo kabla hujagusa hata herufi moja ya msimbo wako.