SOMO LA MAISHA: OFISI MOJA KWA MABWANA WAWILI



Somo la leo linatoka katika ubishi uliotokea kwenye internat. Mwenzetu mumoja alipata habari za kaka yake anayekaa Texas, kule Marekani, mahali Wakongomani wengi walipokelewa kama wakimbizi. Kampuni alimotumika ilipunguza watu, naye akaondolewa. Lakini sasa anapata feza kidogo kila majuma mawili, na ofisi ile ile inayomupa feza inamusaidia kutafuta kazi ingine. Wamoja wakasema: « Leta ya kule inalisha wavivu. » Wengine wakajibu: « Hapana, ile ni ofisi ya mapatroni tu. »

Sisi wa gazeti tuliona ni vizuri kutafuta ukweli, sababu jambo hili linatugusa. Kila mwaka wakubwa wetu wanatoka hapa na diplome mukononi, kisha wanaanza kuzunguka muji muzima. Mumoja wao alitoa dola 20 kwa mutu aliyeahidi kumuingiza kazini. Mpaka leo hajaona kazi wala dola zake. Basi tujifunze ginsi wengine walivyopanga mambo haya.

1. Ofisi ilitoka wapi?

Kwa Marekani kila jimbo lina gavana wake na sheria zake. Jimbo la Ohio ndilo lilitangulia kufungua ofisi za Leta za kutafutia watu kazi, mwaka 1890, katika miji mitano. Wakati ule watu walikuwa wanalipa wachuuzi wa kazi, na wengi walidanganywa, kama vile mukubwa wetu.

Kisha shida kubwa ya uchumi ikafika. Mwaka 1933 karibu mutumikaji mumoja kati ya wane hakuwa na kazi. Mwaka ule sheria moja ya inchi nzima ilitoa feza kwa majimbo ili yafungue ofisi hizo, na sheria ya mwaka 1935 ikaanzisha mupango wa kuwalipa waliopoteza kazi. Texas ilifanya sheria yake mwaka 1936. Mwaka 1995 jimbo hilo lilikusanya kazi nyingi za namna hii chini ya ofisi moja, jina lake Texas Workforce Commission. Chini yake kuna mabaraza 28 ya mahali, yanayogawana wilaya zote 254 za jimbo.

2. Nani anaamua?

Hapa ndipo tulishangaa. Juu kabisa wanakaa watu watatu waliochaguliwa na gavana kwa muda wa miaka sita. Mumoja anasimama kwa ajili ya watumikaji, wa pili kwa ajili ya mapatroni, na wa tatu kwa ajili ya watu wote. Kama wawili wa kwanza wakivutana, yule wa tatu ndiye anatikisa mizani. Kwa hiyo hawajifanyi kwamba mutumikaji na patroni wanataka kitu kimoja. Wanajua kwamba watagombana, na wamewawekea meza moja.

3. Mutumikaji anapata nini?

Anaandikisha jina lake bila kulipa hata senti moja. Wanamuonyesha kazi zilizo wazi, wanamusaidia kuandika barua ya kuomba kazi, na pengine wanamutuma kujifunza ufundi. Kama patroni amekataa kumulipa mushahara, anaweza kumushitaki kwa ofisi hiyo, lakini asipitishe siku 180 tangu siku aliyopaswa kulipwa.

Halafu kuna feza ya waliopoteza kazi. Tufanye hesabu pamoja. Ofisi inaangalia mwaka mumoja wa mushahara wake wa nyuma, uliogawanywa katika vipande vine vya miezi mitatu mitatu. Tuseme alipata dola 6000, 7500, 6500 na 6000. Jumla ni dola 26 000. Wanachukua kipande kikubwa na kukigawanya kwa 25: 7500 : 25 = 300. Basi atapata dola 300 kwa juma.

Muda gani? Feza yote haiwezi kupita majuma 26, wala kupita 27 kwa mia ya jumla ya mwaka ule. Majuma 26 ni dola 7800. 27 kwa mia ya 26 000 ni dola 7020. Wanafuata hesabu ndogo. Atalipwa majuma 23 na kitu, kisha mufuko umefungwa.

Tena haipati kila mutu. Aliyeacha kazi mwenyewe bila sababu ya kweli ya kazi, au aliyefukuzwa kwa kosa lake, kwa kawaida hapati. Na anayelipwa lazima atafute kazi kila juma na aandike mahali alipoomba. Akikataa bila sababu kazi inayomufaa, feza inaweza kusimama. Basi ile neno « wavivu » iondoke kinywani mwetu.

4. Patroni anapata nini?

Anatangaza kazi zake bure, na ofisi inamutafutia watu wanaofaa. Akihitaji watu wenye ufundi fulani, shule ya ufundi ya mahali inaweza kupewa feza ya kuwafundisha. Kampuni kubwa ikitaka kufunga, ofisi inatuma watu kwenda kusema na watumikaji mbele ya siku ya mwisho. Sheria ya inchi ya mwaka 1988 inaomba kampuni zenye watumikaji 100 na zaidi, kwa kawaida, zitoe habari siku 60 mbele ya kufunga.

Lakini patroni naye ana muzigo. Yeye ndiye anayelipa kodi ya mufuko ule. Mutumikaji hakatwi kitu kwenye mushahara wake. Kodi inahesabiwa juu ya dola 9000 za kwanza za mushahara wa kila mutu kwa mwaka. Tuseme kodi yake ni 2,7 kwa mia: hiyo ni dola 243 kwa kila mutumikaji. Na patroni ambaye watu wake wengi wanakwenda kuchota katika mufuko, kodi yake inapanda. Ndiyo maana anafikiri mara mbili mbele ya kufukuza watu. Ndiyo maana pia pengine anapinga na kusema: « Yule sikumuondoa, alikimbia mwenyewe. »

5. Wakigombana je?

Mutumikaji akiomba feza, ofisi inatuma barua kwa patroni wake wa mwisho. Patroni ana siku 14 za kujibu. Ofisi inaamua. Asiyeridhika, mutumikaji ao patroni, ana siku 14 za kukata rufani, akihesabu tangu siku barua ya uamuzi ilipotumwa. Wote wawili wanasikilizwa kwa simu, chini ya kiapo. Asiyejua Kiingereza anaweza kuomba mukalimani. Kisha kuna rufani ya pili kwa wale watu watatu, na nyuma yake, tribinali.

Angalieni vizuri zile siku 14. Mutu anaweza kuwa na haki yote, lakini barua ikilala mezani bila kufunguliwa, haki yake inalala nayo. Kaka wa mwenzetu alisema aliomba jirani amusomee kila barua siku ile ile ilipofika.

6. Na kwetu?

Kwetu ofisi ya Leta ya namna hii inaitwa ONEM, iliyoundwa mwaka 2002. INPP, tangu mwaka 1964, inafundisha ufundi. CNSS inashugulikia pansheni, aksida za kazi na posho za jamaa, lakini haina mufuko wa waliopoteza kazi. Tusiseme haraka kwamba tufanye tu kama Texas. Mufuko ule unasimama juu ya patroni anayejulikana, anayeandika majina ya watu wake na mishahara yao. Hapa baba na mama zetu wengi wanatumika shambani, sokoni ao kwa pikipiki. Patroni wao ni nani? Hata Texas, mwenye kujitumikisha mwenyewe kwa kawaida hapati feza ile.

Lakini tunaweza kuchukua mambo matatu leo. Tusimulipe mutu kwa ahadi ya kazi. Tukipata kazi, tuchunge kontra na kila karatasi ya mushahara. Na tukisikia ofisi inasema inatumikia pande mbili, tuulize: nani analipa? kila upande una sauti wapi? asiyeridhika anakwenda wapi? Ofisi isiyokuwa na majibu inatumikia bwana mumoja tu.

MASWALI

1. Mutumikaji alipata dola 5000, 4500, 5500 na 5000. Atapata ngapi kwa juma? Jumla yake haiwezi kupita ngapi?
2. Juu ya nini kodi ya patroni inapanda ao kushuka?
3. Mujadala: kwetu nani angeweza kulipia mufuko kwa mama anayeuza sokoni?

Leteni majibu kwa kamati ya gazeti. Yale mazuri tutayaandika katika toleo linalokuja.