SOMO LA FAMILIA: MAGONJWA YA NYUKI



Kwa familia yenye mizinga miwili au mitatu, humo ndimo zinamotoka sabuni na madaftari ya watoto. Nyuki wakipungua husema, "Wamehama tu." Huenda ni kweli, kwani nyuki wa Afrika huhama wakisumbuliwa au wakikosa maua. Lakini huenda ni ugonjwa. Tujifunze kutofautisha.

1. Varoa
Huyu ni utitiri mwekundu wa kahawia, mdogo kama kichwa cha pini. Asili yake ni kwa nyuki wa Asia. Alionekana Afrika Kusini mwaka 1997, na mwaka 2009 akatambuliwa Kenya na Tanzania. Jike huingia katika chumba cha sega lenye majana kabla hakijazibwa, akataga humo. Pia hueneza virusi, hata nyuki hutoka na mabawa yaliyokunjamana.

Je, tukimbilie dawa? Hapana. Watafiti waliochunguza mizinga mingi ya Kenya walitoa matokeo yao mwaka 2014: hawakuona kwamba makundi yenye varoa ni madogo kuliko mengine. Nyuki wetu husafishana na kuyatupa nje majana yaliyougua. Sumu ndani ya mzinga yaweza kuharibu asali na nta.

2. Kuoza kwa majana
Huu huletwa na bakteria. Kuna aina iliyo kali zaidi: vifuniko vya majana huzama na kutoboka, na mzinga hutoa harufu mbaya. Chovya njiti ya kiberiti ndani ya chumba, uivute polepole. Uozo ukivutika kama uzi, ni dalili ya hatari. Mwaka 2009 ugonjwa huu ulizuka Western Cape, Afrika Kusini. Mbegu zake hudumu zaidi ya miaka 30 katika masega na mizinga ya zamani. Asali hiyo haimdhuru mtu, lakini nyuki wakiila huupeleka ugonjwa kwao. Ukiona dalili hizo, funga mlango wa mzinga jioni, usigawe kitu, na umwite afisa wa nyuki. Mara nyingi dawa yake ni moto.

3. Nondo wa nta
Funza wake hutoboa masega na kuacha utando. Kundi lenye nguvu humfukuza. Akienea, ujue kundi lilikuwa dhaifu tayari. Ondoa masega meusi yaliyo tupu, na wakati wa kuvuna waachie nyuki chakula.

Neno la kushika
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ukipewa mzinga uliotumika, uulize ulikotoka na kwa nini nyuki wake walikwisha. Usiweke masega ya mtu mwingine katika mzinga wako, hata akiwa jirani mwema.

Maswali ya kujadili nyumbani
1. Mara ya mwisho tulitazama majana lini?
2. Masega tuliyokamua tunayatupa wapi? Je, nyuki wa jirani huyafikia?
3. Tukigundua ugonjwa, tutamwambia jirani, au tutanyamaza ili tuuze mzinga?