Kwa Nini Watu Huhama Makwao?

Likizo iliyopita, jioni moja tulipokuwa tumekwisha kula, kaka yangu mkubwa alisema ya kuwa anataka kuhama Sengerema akaanze maisha huko upande wa Mpanda. Mama alinyamaza. Baba akanitazama, akasema, "Wewe ndiwe unayesoma jiografia. Hebu tuambie, watu huhama kwa sababu gani? Na huyu aende au abaki?" Nilijibu maneno machache yasiyo na maana, nikaona haya. Tangu siku ile nimesoma na kuuliza wazee, na niliyoyapata nayaandika hapa, maana swali hili limekwisha kuulizwa katika nyumba nyingi za wasomaji wa gazeti letu, na ambako halijaulizwa litaulizwa.

Wengi husema ya kwamba mtu huhama kwa sababu ya umaskini. Jibu hili si la uongo, lakini halitoshi. Kama umaskini peke yake ungetosha, maskini wote wangekuwa njiani. Mtu anayefikiri kuhama ameshika mizani. Upande mmoja yako mambo yanayomsukuma atoke alipo pamoja na yale yanayomvuta aende kwingine. Upande wa pili yako yanayomzuia. Tuyatazame moja moja, kwa mifano ya hapa kwetu ziwani.

1. Yanayosukuma

Babu yangu alizaliwa Ukara, kisiwa kilichoko kaskazini ya Ukerewe. Ukubwa wake ni kilometa za mraba zipatazo 80 tu, na tangu zamani watu wake ni wengi. Kwa kuwa ardhi haiongezeki, Wakara walijifunza kuitunza kwa namna iliyowastaajabisha wataalamu wa kilimo waliofika huko katika miaka ya 1930. Ng'ombe walifugwa ndani ya nyumba, ndani ya shimo, wakaletewa majani ya kula. Samadi yao ilichukuliwa kichwani mpaka shambani. Katika shamba la uwele walipanda marejea, kisha wakayafukia udongoni yawe mbolea. Hata miti ilikuwa na wenyewe, na majani yake yalikuwa chakula cha mifugo. Hivyo shamba lile lile lililimwa mwaka baada ya mwaka bila kupumzishwa.

Sasa fikiri, msomaji. Watu hawa hawakuwa wavivu wala wajinga, na huenda hakuna wakulima waliowashinda kwa bidii katika nchi yetu nzima. Hata hivyo, kwa miaka mingi wengi wao wamevuka maji kwenda bara. Waliochoka, walichoshwa na kazi nyingi yenye mapato madogo. Na jambo la ajabu zaidi ni hili: Mkara alipofika bara penye ardhi tele, mara nyingi aliiacha ile kazi ya samadi na majani, akalima kama wenyeji wake. Watu walishangaa kumwona akiacha ujuzi mzuri namna ile. Baba anasema babu alipoulizwa alikuwa akijibu hivi: "Kule shamba lilikuwa dogo na mikono mingi. Huku shamba ni kubwa na mikono michache." Katika maneno hayo nimepata nusu ya somo langu. Anayehama hupima jasho lake, akaangalia ni wapi litamlipa zaidi.

2. Yanayovuta

Ng'ambo ya magharibi ya Ghuba ya Mwanza, yaani Sengerema na Geita, zamani palikuwa na pori kubwa lenye mbung'o. Pori lilipofyekwa, watu na ng'ombe waliweza kukaa. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, na mojawapo ya makusudi yake lilikuwa kuwapunguza watu na mifugo katika sehemu zilizojaa na kufungua sehemu mpya. Lakini Wasukuma wengi walivuka kwa sababu zao wenyewe. Pamba ilikuwa na fedha katika miaka ya 1950, na anayetaka kulima pamba nyingi anahitaji shamba pana. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima viliungana katika shirikisho moja lililojulikana kama Victoria Federation, na mkulima wa Geita akaweza kuuza pamba yake kwa chama chake kama mkulima wa Kwimba.

Wengine walivutwa na dhahabu ya Geita, wengine na mji wa Mwanza, uliofikiwa na reli mwaka 1928. Katika miaka ya 1990 viwanda vya sangara viliwaleta mjini vijana wengi. Lakini yafaa tukumbuke ya kuwa mvuto hauna ahadi. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa mpya ulianza kazi mwaka 2000. Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na watoto waliokua wakisikia habari za kazi ambayo haipo tena.

3. Yanayozuia

Kuna nauli, kuna hofu, kuna makaburi ya wazee, na kwetu kuna maji. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kikitoka Bugolora kwenda Ukara, kilipinduka karibu na kisiwa, na watu zaidi ya 220 wakafa. Aliyehamia bara hurudi kwao kwa misiba na harusi, kwa hiyo njia mbaya humgharimu siku zote, wala si siku ya kuhama tu. Kwa upande mwingine, daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilifunguliwa mwaka 2025, na sasa maji ya pale hayamzuii mtu kama zamani.

Kizuizi kikubwa kuliko vyote ni kutokuwa na mwenyeji. Mtu wa kwanza hulala pabaya na kula vibaya. Wa pili hulala kwa yule wa kwanza. Ndiyo maana utakuta kijiji kimoja ng'ambo kimejaa watu wa ukoo mmoja.

4. Kuhama na kuhamishwa

Lugha yetu inatenganisha maneno haya mawili, nasi tusiyachanganye. Novemba 1973 ilitangazwa ya kuwa kuishi katika vijiji ni amri, na watu wote wawe wamehamia humo mwisho wa mwaka 1976. Hapo mizani haikuwa mkononi mwa mwenye nyumba. Vivyo hivyo, mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi, wakiwamo Wasukuma waliokwenda kutafuta malisho, waliondolewa katika Bonde la Usangu. Waliokuwa wamehama kwa hiari wakahamishwa kwa amri. Basi anayekwenda mbali na aulize kwanza: ardhi ile ni ya nani, na kijiji kimekubali?

Narudi nyumbani. Shamba la babu liligawanywa kwa wanawe wanne, na fungu la baba litagawanywa kwetu. Sengerema yetu imeanza kuwa Ukara. Nilimwandikia baba barua, nikamweleza ya kuwa njia ni mbili: ama mmoja wetu aondoke, ama sisi tunaobaki turudie samadi na marejea ambayo babu aliyaacha. Nikaongeza ya kuwa huenda zote mbili zatakiwa.

Kaka aliondoka baada ya mavuno. Hakuuza kitu, amekwenda kuona msimu mmoja kwanza, na amefikia kwa rafiki. Mama bado hajazoea kupika chakula kidogo.

Maswali ya kufikiri

1. Nani wa kwanza katika ukoo wenu kufika mahali mnapokaa sasa? Alisukumwa na nini, na alivutwa na nini?
2. Kwa nini Wakara wengi waliacha kutia samadi walipofika bara? Je, walikosea?
3. Ikiwa ungemshauri kaka yangu, ungemwambia nini?