Kuchagua Tochi ya Doria: Somo kwa Vikundi vya Ulinzi Shirikishi

Tochi ndicho kifaa cha kwanza ambacho kikundi cha ulinzi shirikishi hununua, na aghalabu ndicho kinachonunuliwa kwa haraka kuliko vyote. Michango ya kaya hukusanywa, mjumbe mmoja hutumwa mjini, naye hurejea na tochi sita zenye namba kubwa kwenye maboksi. Haupiti muda mrefu kabla mbili hazijakataa kuchaji, ya tatu mwanga wake hauvuki uzio wa jirani, na walinzi wamerudi kumulika kwa simu zao. Hasara hiyo ni ya fedha za wananchi, wala si ndogo. Hata hivyo ipo hasara iliyo kubwa kuliko hiyo: mlinzi kumtambua mtu vibaya gizani, asiye na hatia akalala mahabusu, au mwenye hatia akaachiwa huru kwa kuwa ushahidi haukusimama.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika uamuzi wake wa mwaka 1980 ambao hadi leo hurejewa katika mashauri mengi, ilieleza kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na kwamba usitegemewe mpaka mahakama iridhike kuwa uwezekano wa kukosea umeondolewa. Huangaliwa shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, katika mwanga gani, na kama alimfahamu kabla. Maamuzi yaliyofuata yameongeza sharti kwamba shahidi aeleze mwanga ulitoka wapi na ulikuwa na nguvu kiasi gani. Kusema tu kwamba “kulikuwa na mwanga wa tochi” hakutoshi. Kadhalika mahakama imetambua jambo ambalo kila mtembea usiku analijua: aliyeshika tochi humwona anayemulikwa kwa urahisi zaidi kuliko anayemulikwa anavyomwona mwenye tochi. Kwa hiyo mlinzi wa mtaa ndiye atakayeulizwa, na tochi aliyopewa na kikundi ndiyo itakayopimwa pamoja naye.

Somo linaanzia kwenye maandishi ya boksi. Namba inayoandikwa kwa wino mnene kuliko nyingine ni ya lumeni, yaani jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye tochi. Wauzaji huipenda kwa kuwa ni rahisi kuikuza. Namba ya pili, ambayo mara nyingi hufichwa pembeni au kuachwa kabisa, ni ya kandela, nayo hueleza ukali wa mwanga katikati ya mwale. Tofauti yake ni kama ya maji ya bomba. Yakimwagwa kwa beseni hulowesha ua mzima na hayafiki mbali; maji yale yale yakibanwa kwenye mrija mwembamba hufika juu ya paa. Tochi yenye lumeni nyingi na kandela chache humulika ukumbi wa mkutano vizuri sana, lakini haimfikii mtu aliyesimama nyuma ya mwembe.

Namba ya tatu ni ya mita, na hii ndiyo inayopotosha wengi. Watengenezaji wanaofuata kiwango cha FL 1, kilichotolewa Marekani mwaka 2009, huhesabu umbali hadi pale ambapo mwanga umefifia na kuwa robo ya luksi, yaani karibu sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu usio na wingu. Tochi ya “mita 200”, basi, ni tochi ambayo kwa mita 200 humwezesha mtu kujua kuna kitu kimesimama pale. Kama ni ng'ombe au mwizi wa ng'ombe, hilo halionekani. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika hubaki robo. Tochi ya kandela 10,000 hutoa umbali huo wa mita 200. Kwa mita 50 huangusha luksi 4 usoni mwa mtu, na kwa mita 15 huangusha luksi zipatazo 44, ambazo zinatosha kuona sura, kovu na maandishi ya fulana. Anayetaka mita 400 kwenye boksi hulazimika kutafuta kandela 40,000, si 20,000. Kwa njia za kitongoji, zenye kona, migomba na kuta, umbali huo hauna kazi. Tochi ya kandela kati ya 8,000 na 15,000, yenye mwale uliozungukwa na mwanga laini wa pembeni, hufaa kuliko ile inayochora duara dogo kali na kuacha giza totoro kila upande. Mwanga wa pembeni ndio unaoonyesha shimo, waya wa nguo na nyoka.

Kuhusu muda wa kuwaka, kiwango kile kile huhesabu saa mpaka mwanga ubaki asilimia kumi ya ule wa mwanzo. Boksi likisema saa nane, huenda saa sita kati ya hizo ni za mwanga wa kutafutia kandambili chini ya kitanda. Aidha, tochi nyingi za lumeni 1,000 na zaidi hushusha mwanga zenyewe baada ya dakika chache kwa sababu ya joto. Hilo si ubovu, kwani bila hivyo zingeungua. Ubaya ni kununua namba ya dakika tatu kwa bei ya usiku mzima.

Hesabu ya betri inaweza kufanywa na kikundi chenyewe kabla ya kutoa fedha. Betri ya litiamu ya umbo la 18650, yaani yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ikiwa na miliampea-saa 3,000 na volti 3.6, hubeba nishati ya wati-saa zipatazo 10.8. Taa nzuri ya LED hutoa karibu lumeni 100 kwa kila wati. Kwa makadirio, basi, betri hiyo huwasha lumeni 100 kwa takriban saa kumi, au lumeni 1,000 kwa takriban saa moja. Doria inayoanza saa nne usiku na kuisha saa kumi alfajiri ni ya saa sita. Itatembea kwa mwanga mdogo na kuutumia mkubwa kwa dakika chache tu zinazohitajika, na tochi isiyo na mwanga mdogo haifai hata kama ni kali kiasi gani.

Madukani zimejaa betri za umbo hilo zilizoandikwa 9,900 au zaidi. Betri bora za kawaida za ukubwa huo huishia karibu na 3,500, na iliyoandikwa mara tatu ya hapo inamdanganya mnunuzi waziwazi. Mizani ya duka husaidia: betri ya kweli kwa kawaida huwa na uzito wa karibu gramu 45, na iliyo nyepesi sana ina upungufu ndani. Betri iliyovimba, iliyochubuka ganda la plastiki au inayopata joto kali wakati wa kuchaji itolewe kazini mara moja. Betri za litiamu zisichajiwe juu ya godoro, wala zisiachwe kwenye pikipiki juani. Kata ambazo umeme wake hukatika mara kwa mara zingefanya vyema kuwa na tochi mbili au tatu zinazotumia betri kavu za kawaida, zinazopatikana katika kila genge. Mwanga wake ni mdogo, lakini usiku ambao umeme haukuwapo mchana kutwa ndio wezi huupenda. Betri kavu ziondolewe tochi isipotumika kwa wiki kadhaa, maana huvuja na kula chuma cha ndani.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni rangi. Taa za LED za bei rahisi hutoa mwanga wa samawati-samawati ulio maskini katika wekundu. Chini yake shati la damu ya mzee huonekana jeusi au kahawia, na buluu iliyokoza haitofautiani na nyeusi. Mlinzi akiandika katika maelezo yake polisi kwamba mtu alivaa koti jeusi, na aliyekamatwa akakutwa na koti la damu ya mzee, wakili hahitaji swali la pili. Baadhi ya maboksi huonyesha uaminifu wa rangi kwa alama ya CRI, ambayo kilele chake ni 100. Tochi za kawaida huwa karibu na 70, na zenye 90 hutoa lumeni pungufu kidogo lakini huonyesha rangi kama zilivyo. Kwa kazi ya ulinzi, kupoteza lumeni hizo ni biashara nzuri. Boksi lisipotaja alama hiyo, khanga nne zatosha. Mtu mmoja asimame hatua ishirini mbali usiku akiwa na nguo nyeusi, ya buluu iliyokoza, ya kijani na ya damu ya mzee, azibadilishe bila kutangaza, na mwenye tochi ataje rangi. Jaribio hilo huchukua dakika tano, na muuzaji anayekataa kuazima tochi moja kwa usiku mmoja kabla ya kuuza kumi amekwisha kujibu swali.

Swichi iwe moja na iwe rahisi, na ikibonyezwa itoe mwanga unaotarajiwa kila mara. Tochi inayozungusha mwanga mkali, mdogo, wa kumeta na wa kuomba msaada kwa kila kubonyeza humchanganya mlinzi wakati mbaya kuliko wote. Mwanga wa kumeta haraka, unaosifiwa kuwa silaha ya kumduwaza mhalifu, humduwaza pia aliyeushika na wenzake, na huweza kumletea mtu mwenye kifafa degedege. Ni heri usiwepo.

Namna ya kushika nayo ni sehemu ya kuchagua. Mwenye nia mbaya hulenga pale mwanga unapotoka, kwa hiyo mlinzi huinyosha tochi mbali na kifua chake, upande, na huiwasha kwa muda mfupi kisha akahama. Jicho likishazoea giza, kazi inayochukua dakika ishirini hadi thelathini, mwanga mkali mmoja huirudisha nyuma yote. Tochi nyepesi yenye kamba ya mkono huwezesha hayo, nzito haiwezeshi.

Uzito huleta neno jingine. Kwa miaka mingi polisi wa Marekani walibeba tochi ndefu za alumini zenye betri kubwa, na wengine wakazigeuza rungu. Mwaka 2004 televisheni ilionyesha askari wa Los Angeles akimpiga kwa tochi mtu aliyekuwa amekwisha kukimbizwa na kukamatwa. Baada ya hapo idara hiyo iliachana na tochi nzito na kuchukua ndogo yenye uzito usiofika gramu 300. Hapa nchini sheria humruhusu raia kumkamata anayetenda kosa kubwa mbele yake, lakini humtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa, na Katiba imekataza mtu yeyote kuteswa. Kikundi kinachonunua tochi “ya chuma, inayoweza kusaidia” kwa bei ya juu kinanunua kesi.

Kuhusu maji, alama ya IPX4 huvumilia mvua, na IPX7 huvumilia kuzama mita moja kwa nusu saa. Kwa doria ya masika ya kwanza inatosha, isipokuwa kwenye mabonde ya mpunga.

Tochi zikishanunuliwa, zipigwe namba kwa rangi ya kucha au kwa msumari, na daftari la doria liwe na mistari ya nani amechukua ipi, saa ngapi, ikiwa imechajiwa au la. Likitokea tukio, mlinzi aandike usiku huo huo, kabla ya kulala: tochi namba ngapi, ilikuwa kwenye mwanga upi, alisimama hatua ngapi kutoka kwa mtu huyo, na alimtazama kwa muda gani. Nakala ya ukurasa huo apewe Polisi Kata asubuhi.