Breki za pikapu ya shamba: jua tatizo kabla hujanunua spea

Leo tuache kidogo mbegu na mbolea, tuongelee gari linalobeba mazao. Mzigo wa nyanya na kabichi ukitoka Lushoto kwenda Mombo unashuka zaidi ya kilomita 30 za kona, karibu mita 1,000 kwenda chini. Breki zikigoma pale, utakachopoteza si kreti za nyanya tu.

Nawaona wengi wanaambiwa "badilisha masta silinda", wananunua, na tatizo linabaki palepale. Mimi ni afisa ugani, si fundi, ila hili nalijua: mguu wako unaweza kukuambia mengi kabla spana haijashikwa.

Ukikanyaga pedeli, masta silinda inasukuma mafuta ya breki kupitia paipu hadi kwenye magurudumu. Mafuta hayabonyei, hewa inabonyea. Ni kama pampu ya kumwagilia ikivuta hewa kwenye mpira wa kunyonyea: injini inaunguruma, maji hayaji.

Simamisha gari sehemu tambarare, weka mawe kwenye magurudumu, kisha pima hivi:

1. Pedeli laini kama sponji. Ukiipiga haraka haraka mara kadhaa ikapanda, kuna hewa ndani, au breki za drami za nyuma zinahitaji kurekebishwa. Hewa haiingii bure. Tafuta panapovuja kwanza, ndipo utoe hewa.

2. Pedeli inazama taratibu. Injini ikiwa inawaka, kanyaga na ushikilie nusu dakika. Ikiendelea kushuka, kagua paipu, mipira na ndani ya magurudumu. Kukiwa kukavu kote na mafuta kwenye kikopo hayajapungua, raba za ndani ya masta silinda zimechoka. Hapo ndipo masta silinda inahusika.

3. Pedeli ngumu kama jiwe. Zima injini, kanyaga mara tano, shikilia, kisha washa. Pedeli ishuke kidogo. Isiposhuka, shida iko kwenye busta au mpira wake wa upepo.

4. Gari linavuta upande mmoja. Baada ya mwendo mfupi, sogeza kiganja karibu na kila rimu, usiguse. Gurudumu lenye joto kuliko mengine, breki yake imeganda, haiachii.

5. Breki nzuri asubuhi, zinapotea mteremkoni. Mafuta ya breki hunyonya unyevu. DOT 3 mpya inatakiwa kuvumilia angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji, kiwango hicho kinashuka hadi 140. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unabonyea kama hewa. Badilisha mafuta kila miaka miwili, na shuka kwa gia ndogo. Usiongezee oili ya injini wala ya haidroliki ya trekta, maana raba za breki zitavimba.

Tusisahau shokapu, nazo zinafanya kazi kwa oili. Ukiona mwili wake umelowa oili, au tairi linalika mabonde mabonde, ujue imechoka. Tairi linaloruka haliishiki barabara vizuri, hivyo hata breki nzima zinachelewa kusimamisha gari. Na nyanya za chini kwenye kreti zinafika sokoni zimepondeka.

La mwisho, na hili ndilo linalonitia hofu zaidi: kuongeza vyuma kwenye springi za nyuma ili gari libebe zaidi. Pikapu nyingi zina vali karibu na ekseli ya nyuma, inayopima mzigo kwa jinsi bodi inavyoshuka. Ukikaza springi, bodi haishuki. Vali inadhani gari ni tupu, inapunguza nguvu ya breki za nyuma, wakati wewe umepakia mpaka juu! Kama umeshaongeza, fundi airekebishe hiyo vali. Na hata akiirekebisha, breki zako bado ni zilezile za kiwandani, kwa hiyo usizidishe uzito ulioandikwa kwenye gari. Ni nafuu kulipia tripu mbili.

Ukienda gereji, usiseme tu "breki mbovu". Mwambie fundi pedeli inafanya nini. Akitaka kubadilisha spea kabla hajaikanyaga mwenyewe, mwombe aanze na hapo.