Je, Asiyeona Huota Nini?

Mhariri aliniomba niandike somo la lugha, nami nilikuwa nimepanga kuandika juu ya ngeli kama ilivyo ada. Lakini kuna swali lililonikaa moyoni tangu likizo ya Aprili, na nimeona heri nilitoe hapa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Swali lenyewe ni hili: mtu asiyeona akilala, huota nini? Nililianza kama swali la sayansi. Kumbe lilikuwa pia swali la Kiswahili.

SWALI LILIVYOANZA

Nyanya yangu anaishi nje kidogo ya mji wa Lodwar, karibu na mto Turkwel, penye mikoma mingi. Miaka mingi aliuza vikapu sokoni Lodwar, ndiyo maana Kiswahili chake si haba na hupenda kunipima nacho. Sasa haoni. Ugonjwa wa trakoma, ambao wengine huuita vikope, ulimpofusha macho yote mawili kabla mimi sijazaliwa.

Asubuhi moja nilikuwa nikimmiminia chai akaniambia, "Jana usiku nimeona mbuzi wa baba yangu."

Nikacheka. "Nyanya, umewaona vipi na wewe huoni?"

"Kwani nikilala nakuwa kipofu?" akanijibu. Kisha akaeleza. Zamani, alisema, kila mbuzi ndotoni alikuwa na rangi yake: huyu mweupe mwenye baka jeusi, yule wa kijivu, yule mwekundu wa masikio marefu. Siku hizi rangi zimefifia. Wengine anasikia kengele zao tu.

Nikamwuliza, "Na mimi je? Ukiniota, naonekanaje?"

Akanyamaza kidogo. "Wewe huna uso," akasema. "Lakini najua ni wewe."

Sikumwonyesha, ila nilihuzunika sana. Yeye ndiye aliyenilea tangu utoto wangu, na hajapata kuuona uso wangu hata ndotoni.

WATAALAMU WASEMAJE?

Kwetu Turkana ndoto si jambo la mzaha. Tangu jadi emuron huaminiwa kuwa hupata neno la Akuj, yaani Mungu, kupitia ndoto. Nilipofungua shule nilitaka kujua sayansi nayo yasemaje, na mwalimu wetu wa bayolojia akanisaidia kutafuta.

Mwaka 1888 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Joseph Jastrow, aliandika matokeo ya kuwahoji vipofu wengi juu ya ndoto zao. Aligundua kwamba jambo kubwa ni umri. Waliopofuka kabla ya miaka 5 hawakuwa na picha ndotoni. Waliopofuka baada ya miaka 7 waliendelea kuona katika ndoto. Wa katikati, wengine waliona na wengine hawakuona.

Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza juu ya usingizi ambao macho huchezacheza chini ya kope. Ukimwamsha mtu wakati huo, mara nyingi atakuambia alikuwa akiota. Hata waliozaliwa vipofu huingia katika usingizi huo, ingawa mara nyingi macho yao hayasogei sana.

Sababu ni kwamba kinachoota si jicho bali ni ubongo, nao hutumia akiba ulioiweka. Chukua mfano wa mpishi. Kama mchele haujapata kuingia jikoni mwake, hawezi kupika wali. Lakini atasonga ugali, na wageni watashiba. Ubongo ambao haujapata kuletewa picha hupika ndoto kwa sauti, harufu, ladha, joto na mguso. Ni ndoto kamili, haikupungukiwa na kitu.

Mwaka 2014 watafiti wa Denmark walichapisha uchunguzi wa watu 50. Kati yao 25 walikuwa vipofu, na 11 kati ya hao walizaliwa hivyo. Waliandikisha habari za ndoto zao kwa muda wa majuma manne. Mambo mawili yalinigusa. La kwanza, kadiri mtu anavyokaa miaka mingi bila kuona ndivyo picha zinavyopungua katika ndoto zake. Hapo nikawakumbuka mbuzi wa Nyanya. La pili, waliozaliwa vipofu walipata jinamizi, yaani ndoto za kutisha, katika kama ndoto 25 kati ya kila 100. Wenye kuona walipata kama 6 tu, na waliopofuka baadaye 7. Watafiti walidhani kwamba huenda ndoto mbaya ni mazoezi ya kukabili hatari, na asiyeona tangu kuzaliwa hukutana na hatari nyingi kila siku.

SAFARI YA KAKUMA

Muhula wa pili chama chetu kilialikwa kwenye mdahalo Kakuma, kama kilomita 120 kutoka Lodwar. Wengi wenu mnaijua kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa huko mwaka 1992. Kati ya wasemaji wa upande wa pili kulikuwa na kijana aliyezaliwa pale kambini, wazazi wake wakitoka Sudan Kusini. Alisoma hoja zake kwa vidole, kwa maandishi ya nukta nundu, na walitushinda vibaya! Yeye alizaliwa haoni.

Baada ya chakula nikamsogelea. Nikamwuliza bila haya, "Sasa wewe ukilala unaona giza tu?"

Akacheka. "Giza ni nini? Wewe kwa kiwiko chako unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Basi ndivyo. Si giza. Ni hakuna."

Akaniambia kwamba huota mdahalo, huota mpira wa redioni, huota mandazi ya mama yake mpaka akasikia mafuta yakichemka. "Mama namjua kabla hajasema," akasema. "Namjua kwa moshi ulio nguoni mwake na kwa vile anavyokanyaga."

"Na ndoto mbaya?"

"Iko moja hunirudia. Ndugu yangu amenishikia fimbo, tunavuka laga ya Tarach. Ni kavu kabisa. Mara nasikia maji yanakuja kutoka juu. Halafu fimbo inakuwa nyepesi. Ameiachilia."

Anayeijua Tarach ataelewa. Mvua hunyesha mbali, na maji huja kwa kishindo hali mbingu ni nyeupe juu ya kichwa chako. Mwenye macho huyaona akakimbia. Wa Denmark huota amepotelewa na mbwa anayemwongoza, na wa Kakuma huota mkono umeachilia fimbo. Hofu ni moja.

Mwisho nikamwuliza lile lililokuwa likiniuma. "Mama yako ndotoni ana uso?"

Akashangaa. "Uso wa nini? Si ni mama tu?"

Nikakumbuka maneno ya Nyanya, "Najua ni wewe." Kumbe nilikuwa nimehuzunika bure.

NA KISWAHILI CHETU JE?

Hapa ndipo somo la lugha lilipo. Nilipomcheka Nyanya kwa kusema "nimeona mbuzi", mwenye kosa nilikuwa mimi, mwanachama mzima wa Chama cha Kiswahili! Hebu tulinganishe maneno mawili: kutazama na kuona.

Kutazama ni kazi ya macho. Ndiyo maana wahenga wakasema mwenye macho haambiwi tazama. Lakini kuona ni zaidi. Twasema naona baridi, naona njaa, naona kiu, naona haya, naona uchungu. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji macho. Jaribu kusema "natazama njaa" uone darasa litakavyokucheka. Na tukisema kuishi kwingi ni kuona mengi, hatuwatoi wazee wasioona. Hata neno ndoto limetokana na kuota, na kuota hakutaji jicho.

Kwa hiyo Nyanya alisema sawasawa. Huona mbuzi kwa kengele. Kijana wa Kakuma humwona mama yake kwa moshi. Nami huonwa na Nyanya kila anaponiota, ijapokuwa sina uso.

NENO LA MWISHO

Lakini wenzangu, tusije tukafikiri kwamba upofu wa trakoma basi si kitu. Nyanya alikuwa na rangi zote za mbuzi wale, zikachukuliwa na ugonjwa unaozuilika. Vijidudu vyake huenezwa na mikono, vitambaa na nzi wanaotua usoni. Mtoto akiambukizwa tena na tena, ndani ya kope hufanya makovu, kisha kope hujikunja na nywele zake hukwaruza jicho miaka na miaka. Dawa ipo, na kope zilizojikunja hutengenezwa kwa upasuaji mdogo. Maji kwetu ni ya shida, lakini kopo moja dogo latosha kunawisha uso wa mtoto.

Likizo iliyofuata nilimkuta dada yangu mdogo akifikicha macho, usaha pembeni na nzi juu yake. Zamani ningepita. Safari hii nilimwosha uso nikampeleka zahanati siku iyo hiyo. Jioni nilimwomba Nyanya anipapase uso, pua, masikio na kovu la kidevuni. Alichukua muda wake. Kisha akasema pua ni ya babu, akaniuliza kama chai imeiva.

ZOEZI

1. Tunga sentensi tano zenye neno kuona ambamo macho hayatumiki.
2. Eleza tofauti kati ya kuona, kutazama na kuangalia.
3. Mwombe mtu asiyeona, kwa adabu, akusimulie ndoto yake. Usicheke kama mimi.

Kwaherini ya kuonana.